Ngumi Kutoka Kristiansand

Ndege ya Oslo ilipojitokeza juu ya mlango wa ghuba, magurudumu yakiwa yameshushwa, Jorunn Eikrem aliegesha basi la shule kando ya kiwanda cha samaki, akavuta breki ya mkono, akawasha taa za hatari, akavua miwani na kuiweka kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, juu ya bandeji.

"Anti, leo mangapi?" aliuliza msichana wa kiti cha mbele, akitafuna karoti.

"Matatu. Haya, wote tazameni nje."

Watoto wakatazama nje, ambako hapakuwa na cha kutazama ila theluji na shakwe mmoja. Ndege ikagusa ardhi. Kofi la kwanza likamgeuza Jorunn uso kuelekea dirishani. La pili likamrudisha alipokuwa. Pigo la tatu lilikuwa ngumi. Ilimpata chini ya jicho la kushoto, kichwa kikagonga usukani, honi ikalia. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma kreti za samaki aliinua mkono, akidhani amesalimiwa.

"Yameisha?"

"Yameisha."

"Damu inaingia kwenye kola, anti."

"Nimeiona, mpenzi. Asante."

Akajifuta kwa glavu, akavaa miwani, akawasha indiketa, akatazama kioo cha pembeni kama sheria inavyotaka, akaondoa gari. Siku hiyo kila mtoto alifika kwao kwa wakati.

Aliyepiga alikuwa Oddvar, mumewe wa zamani, mwalimu wa udereva huko Kristiansand, kusini kabisa mwa Norway. Jorunn alipomkimbia hakukimbia ovyo. Alikaa na ramani kwanza. Wanorway wanapenda kumwambia mgeni kwamba ukiishika nchi yao pale chini ukaipindua, kichwa chake kinaangukia Roma. Hulisema kwa fahari, kana kwamba wao ndio walioivuta ikarefuka. Jorunn aliichukua nchi hiyo yote akaiweka kati yake na mumewe. Akahamia Skarvnes, mji ambao ukiupita kidogo unakuta bahari, na ukiipita bahari unakuta barafu. Ni kilomita elfu moja na mia sita, kwa ndege mbili: moja mpaka Oslo, kisha kungoja, kisha nyingine. Mahakama nayo ikatoa amri Oddvar asimkaribie. Oddvar aliitii. Hakuwahi kusogea hata nusu ya njia.

Ila jikoni kwake kilibaki kiti alichokuwa akikikalia Jorunn, na kahawa ikimpoa Oddvar alikuwa akikipiga. Alichokipiga asubuhi Kristiansand kilimfikia Jorunn mchana Skarvnes. Pigo lilipanda ndege ya kwanza iliyopatikana, likashuka Oslo, likangoja kama abiria mwingine yeyote, likapanda ya pili. Mapigo ya usiku, kwa kuwa usiku hakuna ndege, yalifika asubuhi pamoja na magazeti. Ukungu ukiufunga uwanja, yalilala Oslo. Anga ikifunguka, yakamjia yote kwa pamoja. Mara moja aliokotwa kwenye stoo ya shule akiwa amevunjika mbavu mbili. Daktari aliulizwa sababu akasema ni hali mbaya ya hewa.

Afande Reidulf Haugan, polisi pekee wa Skarvnes, alilishughulikia jambo hilo mapema. Alifika kwa Jorunn, akavua buti mlangoni, akaketi, akamiminiwa kahawa.

"Tatizo, dada Jorunn, jamaa hakugusi."

"Na uso wangu huu?"

"Uso nauona, mimi si kipofu. Ila yeye yuko kule. Nimempigia simu mwenyewe, mtu mpole, tumeongea mpaka habari za matairi ya theluji. Anasema anapiga kiti. Nikamuuliza, kiti cha nani? Akasema changu, nilikinunua mwenyewe. Sasa mtu akipiga kiti chake, jikoni kwake, mimi nimfanye nini?"

"Kakichukueni hicho kiti."

"Kiti hakijafanya kosa."

Akaisifu kahawa, akavaa buti, akaenda zake.

Aliyemfaa Jorunn alikuwa wifi yake. Bergljot, dada wa Oddvar, aliishi ghorofa ya juu ya nyumba ileile, na kupitia sakafu aliweza kutofautisha kofi na ngumi, hata kutaja upande. Oddvar akimaliza tu, Bergljot alishika simu.

"Wifi, mawili. La pili zito, utafute pa kujishikia."

"Si ushuke umkataze?"

"Ah, wifi nawe. Ni kaka yangu yule. Na ndiye anayeniondolea theluji mlangoni."

"Haya."

"Huko baridi?"

"Baridi."

"Basi uvae vizuri."

Kwa hiyo Jorunn alikuwa na nusu siku ya kujiandaa, na nusu siku si haba. Alijua ndege ikitua atakuwa barabara gani na ataegesha wapi. Tangu aanze kuliendesha lile basi, hakuna mtoto aliyepata hata mkwaruzo. Oddvar alikuwa amewafundisha udereva watu wa Kristiansand karibu wote, isipokuwa mkewe; alisema mikono yake haina akili. Leseni ya magari makubwa Jorunn aliipatia Skarvnes, nywele zikiwa tayari zina mvi, na alipokabidhiwa funguo za basi alilala nazo chini ya mto wiki nzima. Kwake ngumi ilikuwa jambo la kuvumilika. Kunyang'anywa basi ndilo lisingevumilika.

Kisha likaja suala la kaa.

Maji ya Skarvnes yana kaa wakubwa, mguu mmoja urefu wa mkono wa mtu mzima, na hoteli za kusini zinawataka wakiwa hai. Kungoja Oslo kuliwaua nusu yao. Shirika moja la ndege likajitolea kuleta safari ya moja kwa moja, Kristiansand hadi Skarvnes, kwenda na kurudi mara mbili kwa siku, saa mbili na robo angani, basi. Mji ulikuwa umeililia njia hiyo tangu zamani. Meya, Gudlaug Pettersen, akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule, watu wakaacha viatu mlangoni na kukaa na soksi zao za sufi, nyuso zinang'aa.

Jorunn aliinua mkono akasimama.

"Naomba ndege iendelee kupitia Oslo."

Minong'ono ikapita. Torleif Aune, mvuvi mkubwa kuliko wote wa kaa, mtu wa sauti nene na moyo mlaini, akageuza kiti chake chote kumwelekea.

"Dada, kaa wangu wanakufa Oslo. Wanakufa vibaya. Ushawahi kuona kaa anavyokata roho akikosa hewa?"

"Sijaona."

"Basi usiombe uone."

"Saa mbili na robo ni chache," alisema Jorunn. "Akipiga nikiwa ndiyo kwanza naenda kuchukua watoto, pigo litanikuta njiani. Litanikuta kwenye mteremko wa kanisani, na lami imeganda. Mimi sisemi kwa ajili ya uso wangu."

Watu wa Skarvnes si watu wabaya, na aibu iliwapata palepale, wakaanza kutazama soksi. Meya aliondoa miwani akaipangusa.

"Hatuwezi kumwacha Jorunn abebe hili peke yake," alisema.

Watu wakapiga makofi. Mtu wa nyuma akatamka neno ambalo Norway likitamkwa hakuna anayebaki amekaa: *dugnad*. Ni msaragambo wao; Jumamosi moja mji mzima unatoka na majembe, misumari na mikate, jioni tatizo linakuwa limepigwa rangi. Ilikubaliwa kwamba kando ya njia yote ya basi vijengwe vibanda, kimoja kila kituo, ndani viwekewe magodoro kutani na sakafuni, ili simu ikija Jorunn apate mahali pa karibu pa kupigiwa, penye joto, na watoto wasione. Kura ikapigwa. Mikono yote ilipanda. Jorunn naye aliinua wake, kwa kuwa alikuwa amekaa katikati ya watu na wote walikuwa wanamtazama yeye.

Jumamosi ile ilikuwa nzuri ajabu. Afande Reidulf alikuja na nyundo yake ya nyumbani akapigilia mabenchi. Akina mama walishona mito yenye nyota za theluji. Vibanda vilipakwa rangi nyekundu, vikatiwa vidirisha, na kila kimoja kikawekewa msumari wa kutundikia miwani. Torleif alileta sponji za kupakia kaa akazikandika ukutani kwa mikono yake mwenyewe, kisha akarudi nyuma hatua chache, akakimbia, akajibamiza kichwa.

"Safi!" alisema, akipepesa macho. "Hata siumii. Njoo ujaribu, dada Jorunn."

"Nitajaribu Jumatatu."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Meya alizungusha *vafel*, ile mikate laini ya umbo la moyo, na jibini la kahawia juu yake. Jorunn alikula mitatu. Ilikuwa mitamu kweli, hilo lazima lisemwe.

Siku ya uzinduzi wa njia, bendi ya tarumbeta ilisimama uwanjani na meya akashika mkasi mbele ya utepe. Simu ya Jorunn ilikuwa imelia mfukoni mapema, bendi ikijizoeza, asiisikie kwa kelele za shaba. Huko Kristiansand, Oddvar alikuwa amesikia habari za ndege mpya redioni huku akingoja kahawa ipungue moto, na ilipungua mno. Ndege ikatua. Ngumi ya kwanza ilimtoa Jorunn kwenye mstari wa watazamaji, ya pili ikamfikisha kwenye bendi, ya tatu ikamwangusha juu ya ngoma kubwa, ngozi ya ngoma ikapasuka, kiwiliwili kikaingia ndani. Teke moja likafuata, kwa kuwa kumbe hata kiti hupigwa teke. Likamkuta tumboni humo humo ndani ya ngoma, na ngoma ikatoa mlio mmoja wa mwisho.

Meya alisubiri. Alipohakikisha yameisha, alikata utepe, na watu wakapiga makofi kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa.

Njia ikiwa fupi watu husafiri zaidi. Wenye mashirika ya ndege wanalijua hilo siku zote. Zamani Oddvar alipiga asubuhi na mpaka kitu kifike hasira ilikuwa imeshatulia, alikuwa kazini anamfundisha mtu kurudisha gari nyuma. Sasa alipiga, akala kipande cha mkate, akaosha kikombe, huku akijua kwamba kabla ya chakula cha mchana kitu kitakuwa kimeshafika. Akaanza kupiga hata kahawa ikiwa ya moto.

Vibanda vilifanya kazi. Bergljot akipiga simu, Jorunn alihesabu, akasimama kituo kinachofaa, akaingia, akafunga mlango. Kibanda kilitikisika, theluji ikamwagika kutoka paani, kisha Jorunn akatoka. Watoto walikuwa wanasoma vitabu vyao. Mito yenye nyota za theluji ikaanza kugeuka rangi, na akina mama wakapeana zamu ya kuifua.

Asubuhi moja, kwenye kibanda cha mteremko wa kanisani, yalikuja manane. Bergljot alikuwa amesikia sita. Ngumi ya saba ilimkuta Jorunn akiwa ameshainuka kutoka, ikamvunja jino la mbele. Ya nane ikampeleka ukutani mahali ambapo sponji za Torleif zilikuwa zimebanduka. Alikaa sakafuni kidogo. Akalitafuta jino, akalipata chini ya benchi. Aliponyanyua kichwa, aliona kupitia kidirisha ile ndege kule uwanjani, imeshapakiwa kaa, inageuza pua ielekee kusini.

Majira ya baridi ya kwanza alikuwa amewahi kujaribu. Alipiga mto wa kitandani kwa hasira zake zote, lakini Oslo pigo likapotea njia, likampata mzee mmoja wa Hamar aliyekuwa anangoja sanduku lake. Jorunn alimtumia maua. Sasa hapakuwa tena na Oslo ya kupotea.

Akatoka, akaenda kwenye basi, akafungua buti ya vifaa, akachukua spana ya tairi.

"Anti, umeng'oka jino," alisema msichana wa kiti cha mbele.

"Najua. Tazameni nje."

Akarudi kibandani, akasimama mbele ya benchi tupu, akaishika spana kwa mikono miwili, ile isiyo na akili, akapiga mara moja. Benchi likapasuka katikati. Kule uwanjani ndege ikapaa. Jorunn akairudisha spana mahali pake, akawapeleka watoto shule.

Alikuwa amekaa kwenye chumba cha madereva, kikombe mkononi, simu ilipolia.

"Wifi." Bergljot alikuwa ananong'ona. "Umefanya nini, wifi?"

"Limefika?"

"Mkono wa kulia. Kiwiko kimegeukia nyuma, mfupa umetoka nje ya shati. Analia kama nguruwe anayechinjwa, wamekuja kumchukua na machela."

"Na kiti?"

"Kiti kizima. Kiti hakina hata alama."

Jorunn alikunywa kahawa yake mpaka chini. Ilikuwa bado ya moto. Wiki ile aliendesha basi bila kusimama popote ila vituoni.

Afande Reidulf alifika Jumatatu iliyofuata. Safari hii hakuvua buti.

"Dada Jorunn, hili sasa ni zito."

"Nilipiga benchi."

"Ndiyo shida yenyewe. Yeye alipiga kiti chake. Benchi lile la nani?"

Jorunn alimsogezea kahawa.

"La jumuiya," alisema Reidulf, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa. "Misumari ile niliipigilia mimi. Na mkono umevunjika, dada. Kuna picha, kuna daktari."

"Mbavu zangu je?"

"Zile zilikuwa hali ya hewa."

"Na jino?"

"Unaona, jino lilitoka ukiwa ndani ya kibanda salama kabisa, mji mzima ni shahidi. Sasa mimi niseme nini?"

Mahakamani mambo yalikwenda haraka. Jaji alisema zamani kesi kama hii ingekuwa ngumu, kwa kuwa pigo likipita Oslo huwezi kujua limechanganyika na nini. Ila kwa ndege ya moja kwa moja hakuna shaka: lilitoka mkono huu, likafika mkono ule. Meya alitoa ushahidi juu ya vibanda akatokwa na machozi. Oddvar, mkono ukiwa ndani ya plasta, alisema hana kinyongo, anachotaka ni kuishi kwa amani nyumbani kwake. Watu waliona ni ungwana.

Jorunn alinyang'anywa leseni na basi. Funguo alizitoa mfukoni mwenyewe na kuziweka mezani, na kwa muda kidole chake kilikataa kuachia pete ya funguo, mpaka karani akamsaidia. Pia ikatolewa amri Jorunn asimkaribie Oddvar. Na kwa kuwa alishathibitisha kwamba kilomita elfu moja na mia sita hazitoshi kumzuia, aongeze maili mbili. Maili ya Norway ni kilomita kumi. Hata maili kule imepewa nafasi ya kunyoosha miguu. Reidulf akatandaza ramani. Kaskazini mwa Skarvnes hakukuwa na Norway nyingine, isipokuwa mwamba mmoja baharini uitwao Lyngskjær, wenye nyumba ya mnara wa taa ambao siku hizi unajiwasha wenyewe. Akaupima kwa rula. Maili mbili kamili.

Mji haukumwacha ahame peke yake. Ukaitishwa msaragambo. Torleif alitoa boti lake la kaa bila hata kuombwa, na Jumamosi asubuhi nusu ya Skarvnes ilikuwa gatini, inabeba masanduku, zulia, jokofu na sofa ya kijani ya viti vitatu. Ndege ya Kristiansand ilitua wakati wanafunga kamba. Wote wakamtazama Jorunn. Hakikutokea kitu.

"Anajifunza kutumia wa kushoto," alisema Reidulf. "Si rahisi. Mpeni muda."

Boti lilivuka. Lilipogusa mwamba, kofi, ambalo kumbe lilikuwa limepanda nao, lilishuka kabla ya watu. Lilimpata Jorunn sikioni, akateleza kwenye mwani, goti likagonga jiwe, na damu ikaanza kutiririka shingoni ikiingia kwenye skafu aliyofumiwa na akina mama wa Jumamosi. Waliokuwa wamebeba sofa waliiteremsha palepale juu ya theluji, wakamnyanyua, wakamketisha. Kisha wakasimama kidogo wakitazama bahari, kwa adabu. Meya alifungua kopo akatoa *vafel*.

"Umeona, dada?" Torleif alisema, akamfunika mabega kwa koti lake. "Huku linachelewa kidogo."

"Limechelewa," alikubali Jorunn, akatema mate mekundu pembeni. "Asanteni kwa kunisaidia."

"Usijali kabisa."

Nyumba ilikuwa juu, baada ya ngazi za mawe. Wanaume wanne wakashika pembe, wakahesabu mpaka tatu, wakaiinua sofa. Yeye walimwacha amekaa juu yake, kwa sababu Bergljot alikuwa ametaja mawili, kofi la pili lilikuwa bado njiani na hakuna aliyetaka limkute amesimama.